Ameondoka Kwenda Wapi?

Jumatatu, 3 Juni

Mwezi wa mwisho wa kukusanya taarifa. Kiti changu ni kilekile, pembeni ya meza ya mapokezi, chini ya feni isiyozunguka. Kila anayeletwa idara ya dharura akiwa na fahamu – au akiwa na ndugu mwenye fahamu – namwomba ridhaa, naandika umri, kilichomleta, namba ya simu. Halafu swali lenyewe: una bima ya afya au huna? Kisha natulia nione anaishia wapi. Profesa ameupa utafiti jina refu lisiloingia mdomoni. Sisi tunauita utafiti wa kadi. Tunataka kujua kama kadi inaokoa watu.

Baba aliniambia siku ile ya kwanza: kwa hiyo unalipwa kumwuliza mtu anayetoka damu kama ana kadi. Ndiyo, Baba. Nalipwa. Nilikuwa muuguzi, mgongo ukakataa kunyanyua watu, sasa nanyanyua kalamu.

Mwisho wa mgonjwa una visanduku vinne. Amelazwa. Ameruhusiwa. Amefariki. Ameondoka. Hicho cha nne ni cha wale wanaoinuka kwenye benchi na kwenda zao kabla daktari hajawafikia. Leo mmoja wao alikuwa fundi bomba, kashika tumbo, jasho linamtoka, hana kadi. Sista Taratibu akamwambia akae asubiri. (Jina hilo nimempa mimi. Kila kitu kwake ni taratibu: fuata taratibu, nenda taratibu, taratibu haziruhusu.) Amekaa sana. Halafu nikamwona anakunja jaketi lake vizuri, analiweka begani, ananiaga kwa kichwa kama mtu tuliyekutana naye msibani. Nikaweka alama kisanduku cha nne.

Nikitoka nimeangalia bango juu ya mlango. DHARURA, herufi nyekundu, kazi ya mkono wa Baba, enzi hizo mimi nasoma uuguzi. Alianza kwa madaha, D nono, H nono, akafika mwisho nafasi imekwisha. A ya mwisho imebanwa ukutani imekonda kama ina kifua kikuu. Miaka yote hii hapendi kutajiwa.


Jumanne, 4 Juni

Ujumbe wa simu kutoka kampuni ya bima: "Tunahakiki wategemezi. Fika ofisini na vyeti." Mtegemezi wangu ni mmoja tu. Sina mtoto, na mume aliondoka – yeye kwa begi, na alikokwenda nakujua.


Alhamisi, 6 Juni

Nina hasira na mdomo wangu.

Nimekwenda bima. Ofisi ina baridi, kuna ua la plastiki, kuna dada wa kaunta mpole mwenye kucha nzuri. Cheti changu cha kuzaliwa kina jina jingine la baba, si la huyu aliye kwenye kadi. Akaniuliza bila ubaya wowote: huyu ni nani yako?

Nikasema: "Baba yangu mdogo."

Kwa nini? Tangu baba mzazi afariki nikiwa sijui hata kufunga viatu, huyu ndiye Baba. Nyumbani kwetu hakuna aliyewahi kusema mdogo. Shuleni alikuja yeye. Harusini alinitoa yeye. Nilipoachika alikuja na mkokoteni kubeba kitanda changu, akasema tu, kumbe kitanda chenyewe kizuri. Kwa miaka namwita Baba, na leo, mbele ya kompyuta, nikaongeza neno moja. Ni ugonjwa wa utafiti huu. Umenizoesha kutaka kila kitu kiandikwe sawasawa.

Dada akasikitika, kweli kabisa. Akasema bima inamtambua baba, haimtambui baba mdogo. Nikamwambia kwetu hakuna tofauti. Akasema hata kwao hakuna. Ila kompyuta ina tofauti. Akabonyeza.


Ijumaa, 7 Juni

Nimemwambia Baba wakati anachanganya rangi uani. Amecheka mpaka akakohoa. "Umri huu wote niko mdogo, leo ndiyo wamegundua?" Akaniuliza je, yeye anavyoniita mama, wangeandika mimi ndiye mama yake mzazi?

Kisha akaitoa kadi mfukoni, akaitazama upande huu na upande huu, akaanza kukwangulia rangi iliyokauka kwenye kopo. Akasema plastiki nzuri, haipindi.

Mimi sikucheka. Alipopanda ngazi kumalizia bango la duka la viatu alisimama katikati, ameshika kifua, anajifanya anasoma herufi. Nikamwuliza. Akasema anapumua rangi tangu ujana, mapafu yake yana koti mbili na vanishi juu.


Jumamosi, 8 Juni

Nimemwandikisha mwenyewe, mpango wa wazee wa kujitegemea. Nimefurahi kwa muda wa kutoka kaunta hadi mlangoni. Nikasoma chini: kuna kipindi cha kusubiri. Kadi itaanza kufanya kazi Septemba. Mpaka hapo asiugue.

Nimemwambia asiugue. Akasema sawa, mama, nitajitahidi.


Jumanne, 11 Juni

Kikao. Miwani – mtakwimu wetu, kijana mzuri, miwani mizito kuliko kichwa – alileta majibu ya awali ya miezi yote. Akawasha projekta. Akajikuna. Akasema majibu ni ya ajabu kidogo.

Wenye bima wanakufa zaidi.

Nikadhani amegeuza nguzo za mchoro. Hakugeuza. Kati ya wote walioingia mlango ule na kuumwa sawa, wenye kadi wanafariki kuliko wasio na kadi. Profesa alishusha kikombe chake cha maji ya moto. Wafadhili walikuwa kwenye simu, wakasema hii inavutia sana. Neno lilelile mara mbili: inavutia. Mmoja akasema huenda kadi zinawafanya watu wachelewe kwa kujiamini. Mwingine akasema huenda tiba zimekuwa nyingi mno. Watu wenye akili zao, wanatafuta sababu kama waliopoteza ufunguo na ufunguo uko mlangoni.

Nikanyoosha mkono. Nikauliza wale wa kisanduku cha nne wako wapi kwenye mchoro. Miwani akasema wametolewa, hawana matokeo. Utawawekaje watu wasio na matokeo?

Lakini ni nani wanaoondoka! Mwenye kadi haondoki. Anaingizwa ndani, anawekewa oksijeni, na ikifika siku yake anafia mikononi mwetu, tunamhesabu. Asiye na kadi anakaa benchi, anatazama dirisha la malipo, anakunja jaketi lake. Huyo hafi kwetu. Wala haponi kwetu. Kwenye mchoro hayupo kabisa. Niliyasema haya, nadhani kwa sauti kubwa kidogo. Profesa akasema ni hoja nzuri, tuichukue nje ya kikao.

Nje ya kikao hakuna mtu. Kila mmoja alikwenda kula.


Jumatano, 12 Juni

Sijaomba ruhusa. Nimewapigia.

Namba zote ninazo, tuliziandika sisi wenyewe. Nikakaa chumba cha kuhifadhia vifaa, kati ya maboksi ya glovu, nikaanza. Wengi hawapatikani. Wengine namba ni za majirani. Mwanamke mmoja alipona kwa kulala, akanishukuru sana kwa kumjali, akasema hospitali yetu ina utu. Nilitaka kuingia ndani ya boksi.

Jambo ambalo sikulifikiria: mimi ni sauti ya mwanamke, nampigia mume wa mtu, namwulizia hali yake. Wake zao wananiuliza swali moja, wote, kwa sauti moja: wewe ni nani yake? Mmoja alinitukana vizuri, mpaka nikataka kuandika. Nilipojieleza akasema basi mume wake hajambo, na nisipige tena.

Ndani ya siku moja nimecheka na kulia mumo humo chumbani. Maboksi ya glovu yameona mengi.


Alhamisi, 13 Juni

Fundi bomba.

Akapokea mwanamke. Wewe ni nani yake? Nikamweleza: natoka hospitali, mzee alifika kwetu wiki iliyopita, tumbo, nataka tu kujua anaendeleaje, naomba niongee naye.

"Ameondoka," akasema.

Na mimi, na akili zangu zote, na kalamu mkononi, na lile neno la kisanduku cha nne likiwa limenijaa kichwani – nikamwuliza: "Ameondoka kwenda wapi? Nimpigie saa ngapi?"

Nikasikia redio nyuma yake, mtu akaizima. Akaniambia taratibu, kama unavyomwambia mgeni asiyejua lugha: "Dada, ameondoka. Tumeshamzika."

Sikumbuki nilisema nini. Pole, nadhani. Akanishukuru. Akasema utumbo ulikuwa umejikunja, ndivyo walivyoambiwa zahanati ya mtaani, wakaambiwa wamrudishe hospitali kubwa, akakataa. Alisema ameshakwenda, wamemwona, hawakumtaka.

Nilimwona, mimi. Aliniaga kwa kichwa.

Watu wote tunaosema lugha hii tunajua ameondoka ni nini. Mtoto anajua. Na tulikaa mezani, Profesa na Miwani na mimi, tukachagua maneno manne ya visanduku, tukaweka amefariki hapa na ameondoka pale, kama vitu viwili mbalimbali. Hakuna aliyecheka. Hakuna aliyeshtuka.


Jumatatu, 17 Juni

Simu, simu, simu.

Mama wa mguu uliovimba: ameondoka. Sikuuliza wapi. Aliyepokea akaongeza mwenyewe, kwa dada yake, shambani. Nikapumua. Mguu je? Mguu wamekata.

Babu wa pumu: ametutoka.

Msichana wa kuanguka ngazi: mzima, anasoma, anasikia upande mmoja.

Mwendesha pikipiki: "Hatunaye."

Nimejifunza jinsi watu wanavyosema. Hakuna hata mmoja anayesema amekufa. Wanakuachia wewe uelewe, na ukichelewa kuelewa wanakuonea huruma.


Jumanne, 18 Juni

Profesa ameniita. Mlango akaufunga mwenyewe, akanimiminia maji ya moto. Nikajua nimekwisha. Mtu akitaka kukugombeza tu hakupi maji.

Kuna mke wa mtu amelalamika. Kama si yule wa matusi basi mwenzake. Profesa hakugomba. Afadhali angegomba. Akasema watu wale waliridhia kuulizwa siku ile, mahali pale, mpaka watoke mlangoni. Hawakuridhia kufuatwa nyumbani. Majibu yangu yote ya simu hayawezi kutumika, hata moja, na nikiendelea kamati ya maadili itafunga utafiti wote.

Nikamwambia wanakufa. Wanakufa nje na sisi tunaandika kwamba bila kadi ndiyo salama.

Akavua saa, akaiweka mezani, akaivaa tena. "Unadhani sijui? Nilijua kabla yako. Ukihesabu waliobaki, unapata habari za waliobaki. Lakini swali tulilolipiwa linaishia mlangoni."

Basi anajua! Hilo ndilo limenimaliza. Siku zote nilidhani tatizo ni kwamba hawajui, na kwamba nikiwaambia vizuri, kwa utulivu, mambo yatabadilika. Sasa ninamwambia nani? Amesema kuomba kibali upya ni mwaka, na mkataba wetu wote unaisha Septemba. Mkataba wangu na kadi yangu pia. Septemba ndiyo inaanza ya Baba. Tutapishana mlangoni.

Ameahidi ataweka sentensi moja kuwahusu kwenye ripoti.


Jumatano, 19 Juni

Nimelala. Sikwenda kazini. Baba alileta chai mpaka kitandani, akaketi miguuni pangu, akasoma kwa sauti makosa ya tahajia kwenye gazeti. Alipomaliza ukurasa alikuwa anahema kama aliyekimbia. Kusoma tu.


Jumatatu, 24 Juni

Sentensi imekuja. Miwani alinionyesha kwenye kompyuta yake, hakunitazama usoni. Iko karibu na mwisho, baada ya shukrani kwa wafadhili, mahali ambapo hata aliyeandika hapasomi tena: "Baadhi ya washiriki hawakufuatiliwa baada ya kuondoka."

Baadhi!

Nikamwambia Miwani neno hilo ni kaburi la pamoja. Akasema alijaribu kuandika wengi, Profesa akasema wengi si lugha ya kitaalamu. Akaniambia pia, kwa sauti ya chini, kwamba mama yake mwenyewe aliwahi kuinuka kwenye benchi kama hilo. Sikujua. Tumekaa chumba kimoja mwaka mzima. Nikamwuliza ilikuwaje. Akafuta miwani. Akasema hakufuatiliwa.

Jioni Baba hakumaliza chakula. Nimemsikiliza mgongoni kwa sikio, kama nilivyofundishwa zamani kabla ya kupewa vifaa. Kuna maji. Nikamwambia kesho hospitali. Akasema kesho ana basi la kuandika, keshokutwa bango la kinyozi, na kwa nini aende sasa wakati kadi yake bado imelala. "Ngoja iamke, mama. Tutakwenda nayo." Alisema kama utani na haukuwa utani. Anajua kila kitu kuhusu kisanduku cha nne. Mimi ndiye niliyemsimulia, jioni baada ya jioni, nikidhani napunguza mzigo.


Jumatano, 26 Juni

Naandika hapa hapa, kwenye benchi. Nitaandika nitakavyoweza. Nisipoandika nitapiga kelele.

Asubuhi kinyozi kanipigia nikiwa kazini. Mzee ameandika KINYO, akashuka ngazi, akakaa chini, midomo imebadilika rangi. Nikawaambia wamlete kwa teksi. Nikamngoja mlangoni na kiti cha magurudumu. Alipofika hakuniangalia mimi, aliangalia juu. Akasema kwa pumzi za kukatakata kwamba ile A atakuja kuirekebisha, aibu hii imetosha. Rangi nyekundu bado ilikuwa kwenye vidole vyake.

Sista Taratibu akampokea. Si mtu mbaya. Akampima presha, akakunja uso, akaomba kadi. Nikampa kadi mpya. Mashine ikasema kadi inasubiri. Nikamwambia ni baba yangu, nafanya kazi hapa, unanijua. Akasema ananijua sana, ila kipimo cha moyo kiko ndani, na ndani ni mpaka dirishani wapitishe. Akae benchi kidogo tu, nikimbie nikamalize. Tufuate taratibu, mama.

Nikamwinua kutoka kwenye kiti cha magurudumu, maana kuna mwingine alikihitaji, nikamkalisha hapa. Hapa hapa nilipo. Nikamwambia usiondoke. Baba, tafadhali, unasikia? Usiinuke hapa. Akanipigapiga mkono.

Dirishani, foleni. Zamu yangu ikafika. Keshia akauliza mgonjwa ni nani yako. Safari hii mdomo wangu ulikuwa na akili. Nikasema: "Baba yangu." Nikaishia hapo. Akabonyeza, akabonyeza, akanigeuzia skrini nione mwenyewe. Chini ya jina langu, herufi ndogo: mtegemezi ameondolewa, si baba.

Nadhani hapo nilipandisha sauti. Najua nilipandisha. Niliomba. Nilisema mambo ambayo sijawahi kumwambia mtu nikiwa nimesimama mbele ya watu: kwamba sina mwingine, kwamba nitaleta amana mchana, kwamba mshahara haujaingia, kwamba nawaomba kwa ajili ya Mungu. Dirisha liko karibu na benchi. Mtu akikohoa benchi, dirishani anasikika. Mtu akiomba dirishani, benchi anasikika. Miezi yote hii nimekaa katikati yake na leo ndiyo nimelifikiria.

Baba haombi. Aliwahi kuacha bango la benki nusu kwa sababu meneja alimwambia aombe malipo yake vizuri.

Nikampigia Miwani. Hakuuliza neno, akatuma pesa hapo hapo. Nikalipa. Nikapewa risiti, nikageuka nimeishika juu kama mtoto aliyefaulu mtihani, nikaja nayo mpaka hapa.

Benchi tupu. Kwenye mbao kuna alama ya kidole, nyekundu, haijakauka.

Sista Taratibu alikuwa anashona mtu kichwa. Akasema bila kugeuka: "Mzee wako ameondoka."

Nikashindwa kuvuta pumzi. Akageuka, akaniona, akaelewa, akashtuka mwenyewe. Akasema hapana, hapana, ameondoka kwa miguu yake. Aliinuka, akakunja shati lake mikono, akashukuru. Alidhani anakwenda msalani. "Nimeshakujazia na karatasi yako, maana nilikuona uko na shughuli." Na kweli. Iko mezani kwangu. Umri, kifua, hana bima. Alama kisanduku cha nne, safi, imenyooka.

Nimekimbia mpaka getini. Mlinzi anasema wazee wanapita wengi, yeye hashiki sura. Kushoto barabara kuu, kulia soko. Nimekwenda kushoto kidogo, nimekwenda kulia kidogo. Nimerudi. Akigeuza nia atarudi hapa. Wa kisanduku cha nne hawarudi, mimi ndiye ninayejua kuliko mtu yeyote, lakini nimerudi nimekaa. Risiti ninayo. Chumba cha kipimo kiko wazi, wanamngoja. Ndiyo, wanamngoja sasa!

Simu yake inaita. Haipokelewi. Nimepiga tena. Haipokelewi. Huwa haisikii akiwa barabarani, huwa anaiweka mfuko wa nyuma pamoja na brashi. Huwa hivyo. Napiga tena, nimeiweka simu gotini, sauti juu, naandika huku inaita.

Imepokelewa.

Si yeye. Ni mwanamke, simjui, nyuma yake magari na watu wengi wanaongea kwa pamoja. Nimesema halo, Baba, halo. Anawaambia watu wanyamaze. Ananiuliza, kwa upole sana:

"Wewe ni nani yake?"